Kila Mtu na Treki Yake

Jumapili, 1 Machi 1998

Mvua, na mkutano. Vyote viwili vilianza mchana na hakuna kilichojua pa kuishia.

Bwana Soud, mfadhili wetu, alisimama na viatu vyake vya ngozi katikati ya madimbwi ya ukumbi akatangaza kwamba sisi kikundi cha Nuru Njema sasa tutakuwa na mashine yetu wenyewe ya kurekodia. Si redio kaseti ya kubonyeza vidude viwili. Ni mashine ya kubeba mkononi kama begi, na kila chombo kinaingia peke yake kwenye njia yake, wenyewe wanaiita treki, halafu vinachanganywa baadaye. Ndugu yake yuko Dubai, ataileta. Kazi yetu sisi ni kuchagua ipi.

Wote waliniangalia mimi. Ni haki yao. Mimi ndiye mwimbaji wa taarabu hii tangu siku zile nyuzi za fidla tulikuwa tunazichuna kwenye waya wa breki za baiskeli, maana madukani kulikuwa na rafu tu. Tukiitwa kurekodiwa redioni tulikwenda Dar es Salaam kundi zima, tukapangwa mbele ya maiki moja, tukapiga mara moja na safari ikaisha. Ule wimbo wetu uliovuma, ukiusikiliza leo utasikia kinanda, kinanda tena, na nyuma yake mwanamke anayeita kama aliyefungiwa stoo. Mwanamke huyo ni mimi.

Siku hizi redio zimekuwa nyingi, kila mwenye uwezo ana yake, na hakuna inayomwita mtu kumrekodi. Lete kaseti iliyokamilika au kaa kwenu.

Mimi ninao wimbo. Unaitwa "Ufunguo". Niliutunga mwaka jana, kiwanda cha kamba kilipouzwa na mwenyewe mpya akatupunguza kazi, na mume wangu akaonelea kwamba mke aliyepunguzwa kiwandani anaweza kupunguzwa na nyumbani. Kiitikio chake: *Hamia na vyako vyombo, ufunguo sijatoa.* Wanawake wa Tanga wakiusikia wanainuka kabla sijamaliza mstari. Na nasikia kikundi kimoja cha Pangani kimeshaanza kuuimba kwenye harusi, wanasema wao ndio wenyewe. Anayetangulia kwenye kaseti ndiye mwenye wimbo, watu wanahesabu hivyo. Nataka utoke kwa sauti yangu, isikike neno kwa neno. Mwaka huu sina kingine ninachokitaka.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Maandazi hayakununuliwa, tumeyala wenyewe mimi na Beatrisi ninayeuza naye.

Alhamisi, 5 Machi

Abass mpiga kodiani, ile ya kuvuta kifuani, kaja kunywa chai na kunishauri, mambo mawili ambayo huwa anayafanya bila kuulizwa. Hataki mashine ya treki yoyote ile. Anasema taarabu si mafundi wa nyumba, huyu anakuja kupiga lipu yule kesho anakuja kupaka rangi.

"Mie nikipiga nakutazama weye mdomo," kasema. "Sasa nikipiga peke yangu nitamtazama nani? Ukuta?"

Nikamwambia Abass, wewe ungekuwa unaamua, bado tungekuwa tunawasha karabai. Akacheka, akamaliza andazi langu la mwisho. Ni mtu mzuri, lakini amebaki nyuma, na wanaobaki nyuma hupenda sana kushika kanga za wenzao wasiende.

Jumanne, 10 Machi

Bwana Soud kaleta kitabu cha picha za mashine kutoka Dubai. Kimepita mkono kwa mkono mpaka kimelowa. Zilizobaki kwenye mashindano ni tatu. Ya kwanza inatumia kaseti ya kawaida na ina treki nne. Ya pili inatumia kisahani kidogo kinachoingia ndani ya kibao cha plastiki, treki nne pia, ila visahani vyake hapa Tanga utavisikia kwenye hadithi. Ya tatu haina kaseti kabisa, ni ya dijitali, sauti inalala ndani ya diski yake yenyewe, na treki ni nane.

Eliudi, fundi redio wetu kutoka barabara ya kumi na mbili Ngamiani, kasema hajawahi kuishika hata moja, ila anaona ile ya treki nane ndiyo yenye taa nyingi. Huyo ndiye mtaalamu wetu.

Kwaya moja ya Walutheri Muheza wanayo ile ya kaseti. Jumamosi tunakwenda kuiona.

Jumamosi, 14 Machi

Nimerudi kutoka Muheza na matope hadi magotini, na mfuko wa machungwa ambao mwalimu wa kwaya kanipa kwa nguvu. Barabara imeliwa. Basi lilisimama tukashuka, likapita bila sisi, tukapanda tena. Tulikwenda mimi, Abass na Eliudi.

Mwalimu anaitwa Methusela, mtu mrefu mwenye sauti ya chini chini utadhani anaogopa kumwamsha mtu. Alitupokea kwenye chumba nyuma ya kanisa, akaondoa kitambaa cha kufumwa kilichofunika mashine kama anavyofunuliwa mgonjwa. Akatuonyesha. Treki ya kwanza gita, ya pili kinanda, ya tatu wanaume. Sasa imebaki moja, na wanawake wapo sauti mbili. Unafanyaje? Unazimimina zile tatu za mwanzo zote kwenye ile ya nne, zinakuwa kitu kimoja, halafu zile tatu zinakuwa tupu unaanza tena, na mwisho wanawake nao wanamiminwa humo humo.

"Na ukishamimina," nikamwuliza, "ukitaka kupunguza kinanda?"

"Ukishamimina umemimina, mama. Ni kama uji. Huwezi kurudisha maji mahali pake na unga mahali pake."

Halafu akatuhadithia kisa cha Ruthi. Ruthi alikuwa sauti ya pili kwenye kaseti yao. Kaseti ilipotoka tu, kahamia kwa walokole wale wa turubai, na wazee wa kanisa wakakasirika, wakamwita Methusela wakamtaka amwondoe Ruthi kwenye kaseti. Methusela akawaambia wazee wangu, Ruthi yumo ndani ya wanawake, wanawake wamo ndani ya gita, gita limo ndani ya wanaume. Nikimtoa Ruthi natoa kwaya nzima. Mpaka leo kila Jumapili kaseti ikipigwa, Ruthi anawaimbia wazee hao hao.

Tulicheka sana, mimi zaidi ya wote. Abass peke yake hakucheka. Aliomba kaseti irudiwe, akasikiliza kichwa kimeinama, akasema, "Hino ndo yetu. Hapa watu wako pamoja."

Njiani nilimwambia hiyo ndiyo sababu siitaki. Nimekaa ndani ya uji wa watu miaka yote. Nataka mahali ambapo sauti yangu haijamiminwa na kinanda cha mtu.

Jumapili, 15 Machi

Tumepiga kura. Abass alisimama kuitetea ile ya kaseti, akajikanyaga kanyaga, maana Abass bila kodiani kifuani hajui mikono aiweke wapi. Akasema chombo kinachowatenganisha watu wanapopiga kitawatenganisha na wasipopiga. Watu wakaguna tu.

Nikasimama mimi. Nilisema ninavyojua kusema. Nikawakumbusha ule wimbo wa redioni na mwanamke wa stoo. Nikawaambia tukichukua ile ya treki nne tutamiminwa, na kwenye kumiminwa siku zote wapo wanaozama na wapo wanaoelea. "Kila mtu na treki yake," nikasema. "Mpiga rika asikike tari yake, mpiga fidla asikike fidla, na mimi nisikike."

Walipiga makofi. Mikono yote ikainuka kwa ile ya treki nane isipokuwa wa Abass, na wa mpiga ngoma ya dumbaki ambaye alikuwa amelala. Bwana Soud kanishika mkono mbele za watu, kasema, "Bi Mwamvua, ungekuwa mwanamume ungekuwa na maduka." Nimeipokea kama sifa.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Redio inasema daraja la huko juu limekwenda na maji. Nimefanya mazoezi peke yangu mbele ya ndoo, sauti inarudi vizuri.

Jumatano, 8 Aprili

Idd. Watu wamesali viatu vimening'inizwa mikononi. Mwaka huu hatujaitwa kupiga mahali popote, wanasema mvua. Mwaka jana walisema hali ngumu.

Alhamisi, 16 Aprili

Imefika. Nyeusi, nyepesi kuliko nilivyodhani, ina vitelezi vidogo nane kwa mpangilio, kimoja kwa kila treki, na kioo kinachoandika maneno. Bwana Soud kaileta imefungwa kwenye mataulo ya hotelini. Watu walipanga foleni kuigusa. Eliudi kabandika plasta ya dukani chini ya kila kitelezi akaandika kwa kalamu: KODIANI, KINANDA, FIDLA, BESI, DUMBAKI, RIKA, KIITIKIO. Cha nane kaandika MWAMVUA. Wengine wote wameandikwa kwa vyombo, mimi kwa jina. Niliona, na nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua juu ya mabati. Maiki haichagui, inakula kila kitu. Tumerekodi bati safi kabisa.

Jumapili, 19 Aprili

Bati.

Jumanne, 21 Aprili

Umeme ulikatika. Hata bati hatukupata.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo anga limetupa asubuhi nzima, na tumeitumia karibu yote kubishana na Abass.

Hapa lazima nieleze, maana Eliudi mwenyewe alielezwa akabaki ametoa macho. Taarabu haina urefu. Nikifika kwenye kiitikio, wanawake wanainuka kuja kunituza noti, mmoja anakuja anacheza pole pole, mwingine anamfuata kwa sababu wa kwanza kamtazama vibaya, na mimi siwezi kuuacha mstari ule wakati mtu yuko njiani na mkono kaunyoosha. Nitarudia *ufunguo sijatoa* mpaka wa mwisho afike, aweke, ageuke. Ndipo nasema "haya", kwa chini, na Abass anavuta kodiani tunatoka kwenda ubeti wa pili. Ndivyo tulivyofanya kazi maisha yetu yote. Urefu wa wimbo wanao waliokuja.

Sasa Abass kawekwa peke yake mbele ya maiki, hedifoni masikioni, na Eliudi anamwambia piga.

"Kiitikio nikirudie mpaka wapi?" Abass kauliza.

"Mpaka kiishe."

"Kitaishaje? Wanatuza wangapi?"

"Nani anatuza? Hakuna mtu humu."

"Ndo nakuuliza. Kama hakuna mtu, mie natokaje?"

Eliudi alinigeukia mimi kama mtu anayetaka mkalimani. Sikucheka, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijawahi kufikiri juu yake. Mwisho tukakubaliana nikae kwenye kigoda mbele ya Abass, niimbe kwa midomo bila sauti, nimwone kwa macho ya moyo kila mwanamke anayekuja, na wakishakwisha niinue kidole.

Tukaenda hivyo. Nilifumba macho nikawaona wote, mpaka marehemu shangazi yangu alikuja na kanga yake ya rangi ya zambarau. Abass alikuwa ananitazama mdomo. Nadhani hajawahi kupiga vile. Nilipoona wa mwisho amegeuka, badala ya kuinua kidole nikasema "haya", kwa mazoea tu. Abass kavuta, tukatoka.

Eliudi kakunja uso, akasema maiki imenichukua. Akairudisha akaisikiliza. Kweli, nipo, kwa mbali, kidogo tu. Abass akasema hapigi tena. Eliudi naye mawingu aliyaona, akasema basi, vyombo vingine vikiingia vitafunika.

Jumamosi, 2 Mei

Nimeimba.

Jua lilitoka asubuhi, mabati yakakauka yakaanza kulialia, tukangoja yanyamaze. Wenzangu wote walishaingiza sehemu zao katikati ya wiki, kwa hiyo walikuwepo Eliudi na Bwana Soud tu. Nikavaa hedifoni. Kodiani ikaingia masikioni, nyuma yake fidla, kila mmoja mahali pake, wametulia, wananingoja mimi. Niliimba mara mbili. Mara ya pili ndiyo.

Kisha Eliudi akazizima treki zote akaniachia yangu tu nijisikilize. Sijawahi kuisikia sauti hii. Nimekuwa nayo tangu utoto na sikuwa naijua. Ina mkwaruzo kwenye maneno ya mwisho, ule niliokuwa nauonea haya, na ndio mzuri kuliko vyote. Nililia pale pale. Bwana Soud alinipa leso yake, akasema Jumatatu anaipeleka Dar es Salaam kwa msambazaji wa kaseti.

Nimepita kwa Abass nikamwambia: unaona? Akasema, "Mungu akupe heri nayo." Nikaona bado ana kijicho.

Jumapili, 10 Mei

Bwana Soud karudi. Kasema msambazaji kaipenda "kazi". Nikamwuliza na sauti? Kasema wanaitafakari. Sauti inatafakariwaje? Unaisikia au huisikii.

Kaja na mwimbaji mpya kutujulisha, Asmaa, binti wa Pangani. Anatoka kikundi kile kile kinachodai "Ufunguo" ni wake. Bwana Soud kasema kamtoa huko makusudi, kuwapunguza nguvu. Nikaona ni akili. Binti kanipigia shikamoo mpaka magoti yamekunjika. Nikamwitikia vizuri. Ana meno mazuri na sauti nyembamba inayopanda haraka, na haijui inapanda kwenda wapi.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Mazoezi hakuna.

Jumapili, 17 Mei

Mvua. Mazoezi hakuna, kasema Eliudi.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua, mazoezi hakuna. Lakini nilipita ukumbini kufuata sufuria yangu nikakuta mlango umefungwa kwa ndani, na kibarazani kuna mwavuli wa maua unachuruzika. Nikagonga. Eliudi katoa kichwa peke yake, kasema anasafisha mashine, unyevu umeingia. Nikamwuliza mwavuli wa nani. Kasema wa mkewe. Mke wa Eliudi tangu nimjue anajifunika gunia.

Sufuria sikupewa.

Jumapili, 24 Mei

Nimemwuliza Abass kama anajua kinachoendelea. Kasema, "Mie sasa siitwi." Hakunitazama. Abass akikutazama mdomo ujue anafanya kazi, asipokutazama kabisa ujue anajua kitu. Nimeondoka nimemkasirikia kuliko ninavyomkasirikia Eliudi. Mnafiki wa kwanza ni yule anayekula maandazi yako.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imepungua. Bwana Soud yupo Dar es Salaam.

Ijumaa, 5 Juni

Beatrisi kaja mbio kutoka sokoni, vitambaa vya maandazi vinaburuta. Tulipunguzwa siku moja kiwandani mimi na yeye, si mtu wa kukimbia ovyo. Kasema, "Mwamvua, wimbo wako unapigwa pale kwa muuza mitumba. Umetoka. Ila mbona umebadilika sauti?"

Nikaenda kama nilivyo, na unga mikononi. Nilisimama mbele ya rundo la masweta ya watu wa Ulaya nikausikiliza kuanzia kati. Kodiani ya Abass ile ile. Fidla ile ile. Nilikuwa navijua mpaka pale mpiga rika alipochelewa kidogo. Na juu yao, penye nafasi yangu, Asmaa. Maneno yangu yote. Hata pumzi zangu kazifuata, anavuta pale nilipovuta, kwa hiyo waliniweka masikioni mwake wakamfundisha kwa sauti yangu, kisha wakaniondoa.

Nikamwomba muuzaji kasha la kaseti. Picha ya Asmaa. "Ufunguo: Asmaa na Nuru Njema." Mtunzi hajaandikwa.

Bwana Soud nilimkuta kibarazani kwake anakunywa kahawa. Hakuinuka, lakini alinivutia kiti, na kwa jinsi alivyokivuta nilijua maneno alikuwa ameshayapanga.

"Msambazaji kasema sauti ya mtu mzima haiuziki, Bi Mwamvua. Si mie. Soko."

"Wimbo wangu."

"Wa kikundi. Sote tumeurekodi."

"Kama ni sote, mimi niko wapi?"

Akakoroga kahawa ambayo haina sukari. "Nataka nikwambie kweli," akasema, na naamini alidhani ananipa zawadi. "Tungechukua mashine ile ya Muheza, kazi hino yote ingekuwa ya kutupa. Tungeanza upya, na hela hamna. Lakini weye ulitusimamia, tukachukua yenye kila mtu na treki yake. Tumeondoa moja tu. Wengine hawakuguswa hata kidogo. Nakushukuru kwa hilo, wallahi."

Nikamwuliza treki yangu imewekwa wapi. Nilifikiri, wameitoa, sawa, iko mahali, nitaichukua nikasikilize hata na Beatrisi. Kasema nimwulize Eliudi. Nikaenda Ngamiani. Eliudi alikuwa anachomelea redio ya mtu, hakuacha kuchomelea. Diski ilijaa, kasema. Ile ya Asmaa iliingia hapo hapo kwenye ya nane. Ikiingia mpya, ya zamani haipo.

"Hukuipiga hata kwenye kaseti ya kawaida kwanza?"

"Sikuambiwa, mama."

Mashine ilikuwa mezani kwake. Chini ya kitelezi cha nane plasta ni mpya na imeandikwa SAUTI. Eliudi kajifunza, haandiki tena majina ya watu.

Nimerudi nyumbani nimekaa. Nina hasira hata na mkono wangu ulioinuka siku ya kura. Ruthi wa Muheza kawakimbia watu wake mwenyewe, na kila Jumapili yumo. Mimi sikumkimbia mtu.

Jumamosi, 6 Juni

Sikupika maandazi.

Jumapili, 7 Juni

Asmaa kaja. Peke yake, na mwavuli wa maua, na mkate wa kumimina kaufunika kwa kawa. Kasimama mlangoni, kasema shikamoo mama. Nikamwacha nayo. Kwetu kumwacha mtu na shikamoo yake mkononi ni tusi zito kuliko la nguoni, na alilijua, maana macho yalijaa maji. Akabaki pale pale.

"Waliniambia unaumwa koo," akasema. "Waliniambia umesema mie nikuimbie. Kwamba umenipa radhi."

"Nani kakwambia?"

"Bwana Soud. Nimeulizia na Pangani kwetu kama umenitaja vibaya, wakasema hujanitaja. Nikajua ni kweli."

Nilimtazama. Ni mtoto, pamoja na meno yake yote. Nilikuwa nimeshamtungia beti kichwani za kummaliza, na zilikuwa nzuri. Nikasema marahaba, kwa sababu hasira ya kuwatosha wote wawili sikuwa nayo, na Bwana Soud anaihitaji yote. Mkate ulikuwa mkavu kidogo.

Jumatano, 10 Juni

Abass. Nilimwendea mimi, kumtukana. Alikuwa anapaka mafuta mikanda ya kodiani, na kodiani imekaa kwenye kiti cha mgeni, yeye kaketi chini.

Kumbe walimwita mwezi wa tano arudie sehemu yake, wanataka kodiani safi. Kasema hapigi. Wakamwambia asipopiga, kinanda siku hizi kina kodiani ndani yake, unabonyeza tu. Kasema bonyezeni. Ndipo wakaacha kumwita. Kwenye kaseti hii wameibakiza ya kwanza kwa kuwa msambazaji alikuwa na haraka. Kwenye ijayo hayumo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa na raha."

"Na kwa nini hukupiga? Ungebaki na kazi."

Akafuta mafuta vidoleni. "Ile nilipiga nakutazama," kasema. "Nyingine nitamtazama nani." Halafu akaniuliza kama nina maandazi. Sikuwa nayo. Tukakaa.

Alhamisi, 18 Juni

Jua. Watu wanaanika magodoro barabara nzima.

Jumapili, 28 Juni

Nuru Njema wamevunja mazoezi ya Jumapili. Hakuna anayealika kikundi tena. Wanakodi spika na kaseti.

Jumamosi, 4 Julai

Harusi ya jirani, hapa hapa Chumbageni. Nimekwenda kusaidia jikoni uani, na Beatrisi. Mbele wameweka spika mbili kubwa na mwanamume wa kubadilisha kaseti. Walipiga nyimbo nyingi, halafu wakapiga "Ufunguo".

Wanawake waliinuka. Nilisimama kwenye mlango wa ua na kisu cha vitunguu mkononi, nikawaona vile vile nilivyowaona siku ile nimefumba macho. Wa kwanza katoka anacheza pole pole, wa pili kamfuata kwa sababu wa kwanza kamtazama vibaya. Walifika mbele wakanyoosha mikono, na hapakuwa na mtu. Wa kwanza akazunguka kidogo akitafuta. Halafu, kwa kuwa hawezi kurudi na tuzo mkononi mbele za watu, akaichomeka kwenye wavu wa spika. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Foleni ikaanza kwenda kumtuza spika.

Asmaa alikuwa anarudia *sijatoa, sijatoa*, na kodiani ya Abass inamzunguka taratibu. Wengine walikuwa bado wako njiani, bibi mmoja na fimbo yake ndio kwanza alikuwa anaingia uwanjani. Ndipo nikasikia. Si kwa mbali kama siku ile Eliudi alipoirudisha. Spika zilikuwa kubwa, na vyombo havikufunika kama alivyosema. "Haya." Sauti yangu, na ule mkwaruzo wake, imo ndani ya kodiani. Kodiani ikavuta, wimbo ukatoka ukaenda ubeti wa pili, ukamwacha bibi katikati ya uwanja mkono umenyooka.

Aliyekuwa karibu yangu, anaosha mchele, akainua kichwa. "Umeisikia hiyo? Kuna mtu kasema haya. Nani huyo?"

Beatrisi alinitazama.

"Sijui," nikasema. "Labda mtu alikuwa anapita." Nikarudi kwenye vitunguu.